Malema ya Baba

Matanga ya kwetu pwani yana maneno yake. Marehemu alikuwa mpole. Marehemu alikuwa mcheshi, mcha Mungu, hakugombana na mtu. Ni maneno mazuri, na mara nyingi ni ya kweli, ila yanamtosha kila maiti kama sanda. Baba yangu alipofariki niliyasikia yote, nikaitikia amina, huku nikisubiri mtu ataje malema. Hakuna aliyeyataja. Alikuwa mvuvi, walisema, wakapita. Basi nayataja mimi.

Gazi ni kijiji cha ghuba, kusini mwa Mombasa, mikoko pembeni yake na mbele mwamba unaovunja mawimbi ya bahari kuu. Ndani ya ghuba hiyo baba alitega malema, mitego ya samaki ya mianzi, utu uzima wake wote. Aliyafuma mwenyewe msimu wa kusi, bahari ilipochafuka na vyombo vikalala pwani, akiwa chini ya mwembe na kisu kifupi ambacho hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukigusa. Chane za lema huenda njia tatu, si mbili kama za jamvi. Zinapopishana hufanya matundu ya pembe sita, na kila chane hubanwa na wenzake isisogee, hata mkondo ulisukume lema usiku kucha. Fundi mwenye haraka utamjua kwenye pembe. Huko ndiko kazi yake hulegea kwanza.

Lakini fundi hasa hupimwa kwa mlango. Kwa nje mlango ni mpana, unakaribisha. Unavyoingia ndani unazidi kuwa mwembamba na kupinda, mpaka ncha yake ibaki ikielea katikati ya lema. Samaki huingia akifuata ukuta. Akishaingia huendelea kufuata ukuta, akizunguka na kuzunguka, na njia aliyojia iko katikati, mahali asipopita. Kila nikiufikiria mlango ule huona kwamba aliyeubuni mara ya kwanza alikaa sana akiwatazama samaki kabla ya kushika chane. Na samaki anayenaswa humo haumii. Hubaki mzima akiogelea hadi mwenyewe aje, atazame, achague wa kuchukua na wa kuachia. Ndoana haimpi mvuvi nafasi hiyo, na nyavu nyingi haziwezi.

Mimi nilimsifu baba kwa mlango; yeye alijivunia matundu. Aliyapima kwa vidole viwili, na lema la matundu madogo alikuwa akilifumua hata kama limekwisha. Baadaye watafiti wa KMFRI, taasisi ya bahari ya Kenya, pamoja na wenzao wa shirika la uhifadhi la WCS, walifanya majaribio pwani hii kwa malema yaliyoachiwa upenyo mwembamba, ili samaki wachanga na wale bapa wasio na bei wapate kutoroka. Habari zilipomfikia baba aliuliza jambo moja tu, upenyo unakaa upande gani, akaenda kukata wake. Hakuwa na tabia ya kusema watu, ila juya, wavu wa kukokotwa, lilimtoa maneno. Kenya ililipiga marufuku mwaka 2001 kwa kuwa hukokota kila kitu, majani ya bahari na vitoto vya samaki pamoja, na watu waliendelea kulivuta mchana kweupe. Akiona linavutwa alikuwa akigeuza uso, akatema mate.

Lema la waya pia hakulipenda. Linadumu, wakamwambia. Ndiyo kasoro yake, akajibu: likipotea huendelea kuua bila mwenyewe. La mianzi likipotea huoza, likafunguka.

Kalenda ya Kiislamu iliyoning'inia sebuleni ilikuwa ndiyo saa yake. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvua, hujaa mno na kupwa mno, tofauti ya mita 3 na zaidi, na mkondo wake hupindua lema lisilopewa mawe ya kutosha. Karibu na tarehe 8 na 22 ni maji mafu, bahari imetulia. Na kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50, kwa hiyo saa zake za kazi hazikuafikiana kamwe na za shule yetu. Kuna wiki tulikula naye mchana, na kuna wiki tulimjua kwa kikohozi chake cha alfajiri tu. Sitasema kwamba hilo halikutuuma.

Mama ndiye aliyemjua. Tasi, samaki wa malema kuliko wote, ana miiba yenye sumu mgongoni na tumboni, na hata mtegaji mzoefu huchomwa akiharakisha. Baba aliporudi na mkono umevimba hakusema kitu, naye mama hakuuliza. Alibandika maji jikoni, akauingiza mkono ule kwenye beseni la maji ya moto kadiri unavyoweza kustahimili, akaushikilia humo. Wakikaa hivyo tulikuwa tukitoka nje. Baba naye, kabla ya tajiri, mnunuzi wa samaki, kupima hata kilo moja pale bandarini, alikwisha kutenga kitoweo, na katika kitoweo hicho tasi mnono alikuwa wa mama. Mwaka wa shida au mwaka wa neema, tajiri akinuna au akicheka.

Hakufunga maboya. Boya humwonyesha mwizi palepale linapomwonyesha mwenyewe. Alishika alama za nchi kavu: mnazi fulani ukifunikana na paa fulani, na kwa upande wa pili ncha ya mikoko ikigusa kilima. Mistari hiyo miwili ikikatana, lema liko chini yako. Alizishika kichwani tu. Kwa hiyo alipofariki ghafla malema yalibaki baharini na samaki ndani, na ndugu zangu wakawa wanabishana barazani, huyu akisema mashariki ya mlango wa mwamba, yule magharibi.

Mama alikuwa ndani, ameanza eda yake ya miezi 4 na siku 10. Aliwaita, akawaketisha, akaanza kuwatajia alama, lema baada ya lema: mnazi uliopigwa na radi kwenye paa la msikiti, ncha ya mikoko kwenye mbuyu. Kumbe yale mazungumzo yao ya kila usiku baada ya isha, tuliyodhani ni ya ada za shule na deni la duka, yalikuwa haya. Baba alikuwa akimwachia bahari yake, kila siku upya, kwa sababu kila siku huenda asirudi.

Wakaenda maji mafu yalipofika, wakayakuta. Walirudi na tasi na changu, wakasimama ufukweni wakivutana na tajiri juu ya bei. Mama akamtuma mjukuu akimbie kuwauliza kama kitoweo kimeshatengwa.