Mgongo Uliopinda na Maneno Yaliyopotoshwa

Kama ulipita sekondari bila shaka unayakumbuka yale madaftari ya msamiati. Mwalimu anaandika ubaoni "twist", "warp", "distort", "deform", "contort", nasi tunajaza pembeni neno moja tu: kupinda. Mtihani ukija unapata vema yako, habari imekwisha. Mimi nilitoka na daftari hilo hadi kwenye mswada wangu wa riwaya. Humo mlango umepinda, uso umepinda, habari imepindishwa, na mtu naye kapinda. Mshikaji wangu aliyeusoma akaniuliza, "Hivi huko kwenu hakuna hata kitu kimoja kilichonyooka?"

Nikarudi kwenye kamusi. Kumbe Waingereza hawayachanganyi hovyo. "Warp" hasa ni ya mbao: imepasuliwa ingali mbichi, upande mmoja ukakauka upesi kuliko mwingine, ikabenuka yenyewe bila mtu kuigusa. "Contort" ni ya mwili na uso. Mcheza sarakasi akimaliza hujinyoosha akaenda zake. "Distort" ni kitu kukufikia sivyo kilivyo: sura kwenye kioo kibovu, sauti ya spika iliyofunguliwa mno, habari kinywani mwa mmbeya. "Deform" inagusa umbo lenyewe. "Wring" ni nguo mbichi mikononi mwa dobi.

Hapo najua wapo watakaodakia: "Unaona? Kiswahili maskini!" Si kweli hata kidogo. Mbao hubenuka, bati hubonyea, uzi husokotwa, nguo hukamuliwa, kifundo cha mguu huteguka, uso hukunjwa, maneno hupotoshwa. Mafundi, madobi na bibi zetu wanayasema haya kila siku bila kufungua kamusi. Maskini ni sisi tunaoandika Kiswahili huku tunawaza kwa daftari la shule.

Lakini lililoniuma zaidi ni jingine. "Distort", "contort" na hata "torture", yaani kutesa, yametokana na kitenzi kimoja cha Kilatini, torquere, chenye maana ya kusokota. "Wrong", yaani kosa, ni ndugu wa "wring". Na sisi je? Tunasema mambo yamekwenda kombo, kijana amepotoka, yule ni mtu mnyoofu. Lugha zote mbili zimeshatoa hukumu: kilichonyooka chema, kilichopinda kiovu. Mwandishi asipoangalia ataichukua hukumu hiyo amvalishe binadamu.

Shakespeare mwenyewe hakupona. Katika tamthilia yake ya Richard III, iliyoandikwa mnamo miaka ya 1590, mfalme ana kibiongo na mkono uliosinyaa, na anatuambia wazi kwamba kwa vile hakuumbwa kwa mapenzi, basi atakuwa mwovu. Aliyekuwa akitawala Uingereza wakati huo ni Elizabeth wa Kwanza, mjukuu wa Henry wa Saba, ambaye majeshi yake ndiyo yaliyomuua Richard vitani Bosworth mwaka 1485. Sasa nani angethubutu kumwandika Richard akiwa amenyooka? Mwaka 2012 mifupa yake ikafukuliwa mjini Leicester, chini ya maegesho ya magari. Uti wa mgongo kweli ulikuwa umepinda kwa upande, bega moja likiwa juu ya jingine. Mkono uliosinyaa haukuonekana. Kwa hiyo mgongo ulipinda wenyewe, lakini habari zake zilipotoshwa na watu. Ona jinsi vitenzi viwili vinavyotenganisha maumbile na fitina! Ningeandika "kupinda" kote, ningewaficha waongo.

Msidhani namsema marehemu wa Kiingereza nikajisahau. Mhalifu wangu katika sura ya tatu, anayewadhulumu wajane, nilimpa kibiongo. Kwa nini? Ili msomaji amchukie upesi, nisihangaike. Jioni moja nikawa nawasomea washikaji sura hiyo kijiweni, karibu na meza ya fundi viatu wa mtaani kwetu, mzee ambaye mgongo wake umepinda tangu utotoni. Nilikuwa nimemsahau kabisa kwamba yupo. Nilipomaliza, wenzangu wakapiga makofi. Mzee akaendelea kupiga sindano yake, kisha akasema bila kuinua uso: "Kijana, huu mgongo wangu haujamdhulumu mjane yeyote."

Sikupata la kujibu. Nilimwomba radhi, akanionyesha kwa kidole nikae, akarudi kwenye kazi yake.

Sura ile nimeiandika upya. Mhalifu sasa ana mgongo ulionyooka kama mlingoti na suti iliyopigwa pasi. Anachopotosha ni wosia wa kaka yake, neno baada ya neno, na imenibidi nionyeshe anavyofanya. Imenichukua kurasa kumi na moja badala ya mbili. Kazi ni ngumu zaidi, lakini angalau uovu umekaa mahali pake, yaani kwenye matendo.

Waandishi chipukizi wenzangu, fungueni miswada yenu mwangalie. Kila palipoandikwa "amepinda", ulizeni: ni mbao, ni uso, ni habari, au ni mtu ambaye hajafanya kosa lolote?