Omena inanuka au inanukia?

Kate McLean, msanii wa Uingereza, huwaalika wakazi wa mji watembee pamoja, wanuse, kisha waandike kwa maneno yao wenyewe walichonusa. Kutokana na maneno hayo huchora ramani. Ramani yake ya Edinburgh ya 2011 ina harufu ya viwanda vya bia na hata ya pengwini. Wapo watakaouliza, kwani hiyo nayo ni sanaa? Naam, tena sanaa ya maonyesho: watembeaji ndio waigizaji, mji ndio jukwaa, na watu wasipojitokeza hakuna kazi.

Langu ni swali la lugha. Tuseme matembezi hayo yafanyike Kisumu, kwa Kiswahili. Mwingereza anaweza kutumia kitenzi kimoja kwa yote mawili, akipenda atakiongezea sifa. Sisi hatuna nafasi hiyo ya kukwepa. Kitu ama kinanuka ama kinanukia. Ile -i- ndogo ya kauli ya kutendea imegeuza uvundo kuwa manukato, na msemaji ameshatoa hukumu kabla ya kumaliza sentensi.

Nenda Dunga, omena ikiwa imeanikwa. Mgeni aliyeshuka basi la Nairobi atasema ufuo unanuka, basi. Mama mwenye omena atamshangaa. Kwake iliyokauka vizuri inanukia, iliyonyeshewa ndiyo inayonuka. Samaki ni yule yule, vitenzi ni viwili, na tofauti yake ni karo ya mtoto. Ukienda Obunga wanakokaanga mgongo wazi, ugomvi ni huo huo. Kamusi nayo imesimama na mgeni. Tuna shombo, tuna vumba, maneno ya samaki yanayomkunjisha mtu pua. La kumsifu samaki liko wapi? Udi na asumini vimepata heshima yao. Wala tusisingizie kwamba Kiswahili kilizaliwa mbali na ziwa, maana waliokizaa ni wavuvi pia.

Jukwaa letu limerithi pua hiyo. Mwaka 2013 Daniel Owira wa shule ya upili ya Highway aliivunja mbavu nchi nzima kwa simulizi yake ya Otonglo Time (otonglo hiyo ni pesa, si soko la Otonglo lililo kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia). Tamasha za shule zina simulizi nzuri, nami huzifurahia. Lakini nyingi nilizozisikia, zikifika mtaa wa mabanda, huziba pua. Mtaro unanuka, choo kinanuka, ndiyo hati ya umaskini. Mbona chapati ya jirani hainukii kamwe?

Dawa imo katika sigana, usimulizi wa Wajaluo ambao wasanii wetu wameupandisha jukwaani pamoja na hadhira yake. Hadhira hiyo haikai kimya. Msimulizi aseme, "Dunga inanuka," naye arudishiwe, "Inanukia!" Ajitetee, ashindwe, abadili kitenzi mbele yetu. Kwa gugumaji lililooza ufuoni nadhani hakuna atakayembishia, na umoja huo ungefaa kusikika hadi ofisi za kaunti. Kuhusu molasi ya kiwanda kilicho upande wa Otonglo, hapo sauti zingegawanyika: aliyepata kibarua atasema lake, na anayelala upande upepo unakoelekea atasema lake. Onyesho hilo ningelilipia kiingilio.