Paka Aliyepotea Hatua Tisini

Katika mtaa mmoja wa Utemini, mjini Singida, mwezi wa Agosti ambapo upepo wa kiangazi huvuma kutoka mashariki mchana kutwa na kutia mchanga hata ndani ya masufuria, alipotea paka jike wa bibi mmoja jirani yetu, mwenye milia ya kijivu na kifua cheupe, aitwaye Marjani. Na usiku wa tano akapatikana hai mahali ambapo, nilipopima kwa nyayo zangu mwenyewe, palikuwa hatua tisini tu kutoka dirisha alilopitia. Nimeona inafaa kuieleza kazi ya kumtafuta kwa utaratibu, maana msako ule ulikuwa na sehemu mbili zilizotofautiana mno, ya kwanza ikiwa na jasho jingi na mavuno haba, na ya pili ikiwa na mwendo wa taratibu uliofika. Na tofauti yake, kwa fikira zangu, ilianzia katika namna swali lilivyoulizwa.

Bibi alikuwa amehamia Utemini kutoka Mandewa majuma mawili tu yaliyotangulia. Paka alikuja ndani ya boksi lililofungwa, juu ya mapaja yake, katika bajaji, akafungiwa chumbani asipate kuuona ua wala kuijua harufu ya jirani. Jumatatu, yapata saa nne asubuhi, fundi wa kuchomelea akaja kutia grili dirishani, na mashine yake ya kukatia chuma ilipolia na kumwaga cheche, paka alipenya katika dirisha lile lile lililokuwa bado wazi, akavuka ukuta, na asionekane tena. Mambo haya matatu, yaani ugeni wa mahali, kufungiwa, na hofu ya ghafula, yalikuwa ndiyo ushahidi wote tuliokuwa nao, na ulikuwa ushahidi wa kutosha, lakini siku ya kwanza hakuna aliyeketi kuupima.

Badala yake ilitangulia dhana. Ilisemwa kwamba paka hurudi kwao, na kwa hiyo Marjani lazima yuko njiani kwenda Mandewa. Basi mjukuu wa bibi akapanda baiskeli, akaenda na kurudi mara nne katika siku mbili, akiuliza kila kibanda na kila kijiwe cha bodaboda. Dhana hiyo haikuwa ya kipuuzi, kwani paka aliyezoea kuranda usiku huweza kweli kuirejea nyumba ya zamani. Lakini huyu hakuiona njia aliyoletwa, tena alitoka kwa kufukuzwa na kishindo wala si kwa kutamani kwao, na mnyama anayekimbia kishindo hutafuta kwanza tundu la kuingia, habari za njia ni baadaye. Kosa lilikuwa katika mpangilio: jambo lililostahili kuwa la mwisho lilifanywa la kwanza.

Waliobaki mtaani walizunguka wakiita kwa sauti kubwa, na jioni ya Jumanne ikatangazwa zawadi ya shilingi elfu kumi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi, maana watoto wa mtaa mzima waligeuka wawindaji, wakafukuza kila chenye mkia juu ya kila ukuta, wakaleta paka watatu ambao hata mmoja hakuwa Marjani, na wa tatu, shume aliyelelewa na jalala, akamng'ata kijana mmoja kidoleni. Jeraha la namna hiyo si la kupuuza, kwa sababu kichaa cha mbwa hakiletwi na mbwa peke yake. Paka naye huambukizwa na huambukiza. Kijana alioshwa kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika kumi na tano kamili, mama yake akiwa ameshika saa, kisha akapelekwa siku ile ile kuchanjwa. Zawadi ikaondolewa kwa kauli ya bibi mwenyewe, aliyesema hawezi kununua furaha yake kwa mkono wa mtoto wa mwenziwe.

Wako waliomwambia, kwa nia njema, kwamba paka ni wengi na achukue mwingine. Bibi huyu ni mtu wa Tanga kwa kuzaliwa, aliyesoma chuo cha Kurani utotoni, na jibu lake lilikuwa kuwakumbusha kisa cha Abu Qatada, sahaba wa Mtume, aliyekuwa akitiliwa maji ya kutawadha na mkwewe Kabsha, akaja paka mwenye kiu, naye akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa akatosheka, kisha akamweleza yule mkwe aliyestaajabu kwamba Mtume alisema paka si najisi, bali ni katika wale wanaowazunguka watu majumbani mwao. Mimi nilipoyasikia hayo Jumatano asubuhi, nilipokwenda kumwamkia, niliona haya kwamba siku mbili zilikuwa zimepita nami sijatoa msaada wowote ila pole.

Tuliketi basi chini ya ukuta, tukaanza upya. Jambo la kwanza lilikuwa kuuelewa ukimya. Kila mtu alikuwa akisema, “Tumeita hapa, hajaitika, basi hayupo,” na hoja hiyo ndiyo iliyoyafuta maficho mazuri kabisa katika hesabu yetu. Mwaka 2013 wataalamu wawili wa Japani, Atsuko Saito na Kazutaka Shinozuka, waliwasikilizisha paka ishirini sauti za wageni na sauti za wenyewe zilizonaswa. Paka wakaonyesha kuitambua sauti ya mwenyewe, lakini ithibati ya utambuzi huo ilikuwa kugeuka kwa sikio na kichwa, wala aghalabu hawakulia wala hawakuinuka kuifuata. Maadamu paka aliyetulia kwake nyumbani husikia akanyamaza, sembuse aliyejikunyata tunduni kwa hofu, ambaye mlio mmoja ungemfichua kwa mbwa. Kwa hiyo kuita hakukuwa kipimo cha kuwapo wala kutokuwapo, na kila ua lililokuwa limefutwa kwa sababu hiyo lilirudishwa katika daftari.

Jambo la pili lilikuwa umbali. Upo utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliokusanya habari za paka 1,210 waliopotea, na ndani yake robo tatu ya waliopatikana walikuwa hawakupita meta 500 kutoka walikotokea, na wale waliokuwa wakifugwa ndani tu walionekana karibu zaidi kuliko wale wazururaji; kadhalika thuluthi moja walipatikana hai katika siku saba za mwanzo, na baada ya miezi mitatu wachache mno ndio waliorudi. Niliyaona maelezo hayo kuwa amri ya hima na ya ukaribu kwa pamoja. Nikachukua kijiti, nikachora mchangani nyumba ya bibi, nikaizungushia duara la hatua mia, na bibi akataja kila kilichomo: majumba saba yenye watu, mabanda mawili ya kuku, ghala la magunia ya alizeti, rundo la matofali, na upande wa magharibi pagala moja lisiloezekwa, lililojengwa kwa kuegemezwa kwenye jabali, kama ilivyo desturi ya mji huu ambao mawe yake ni makubwa kuliko nyumba zake.

Ilibaki namna ya kuingia katika nyua za watu, na hapa ndipo kazi ilipohitaji adabu kuliko macho. Singida ni nchi ya kuku wa kienyeji, na mwanamke mwenye vifaranga kumi na wawili, akiulizwa na jirani mgeni kama amemwona paka, husikia ndani ya swali hilo tuhuma mbili: kwamba huenda amemdhuru, au kwamba huenda paka huyo amemla kifaranga na sasa anatafutwa kwa shari. Jibu huwa, “Hapana, hatujaona,” nalo huwa la kweli, kwa kuwa paka aliyejificha haonekani. Tukaligeuza swali. Bibi alibisha hodi, akasalimu mpaka salamu zikaisha, akasema, “Mwanangu, sikuja kukuuliza kama umemwona, maana najua hujamwona, nimekuja kukuomba ruhusa nichungulie mwenyewe nyuma ya banda lako na chini ya mbao zako.” Milango yote saba ilifunguka. Mwenye ghala la alizeti alituambia bila kuulizwa kwamba alikuwa ametega sumu ya panya pembeni mwa magunia, akaiondoa mbele yetu, na habari hiyo, ambayo siku mbili za makelele hazikuileta, huenda ndiyo iliyomwokoa paka.

Mchana huo hatukumwona. Jioni tukafanya kazi ya majivu, ambayo naipenda kuliko zote kwa urahisi wake. Mchanga wa Utemini haushiki nyayo wakati wa kiangazi, kwani upepo huufuta kila saa. Kwa hiyo tulichekecha majivu ya jikoni kwa chekecheo la unga, tukayatandaza kwa unene wa kucha katika vipenyo vitatu vilivyokingwa na ukuta, ambavyo mnyama mdogo angelazimika kupita: kimoja kando ya ghala, kimoja nyuma ya banda la kuku, kimoja mlangoni mwa pagala. Alhamisi kabla jua halijachomoza tulikwenda kusoma. Ghalani palikuwa na vidole vitatu vya kuku na mikwaruzo ya panya. Bandani palikuwa na mguu wa mbwa, mrefu kidogo, na mbele ya kila kidole alama ya ukucha. Lakini pagalani, katika majivu laini kama poda, palikuwa na duara dogo lisilofika upana wa vidole viwili vyangu, vidole vinne vimepangwa juu ya kitanga kimoja, na mbele yake hapana alama ya ukucha hata moja, maana paka huzificha kucha zake anapotembea. Nyayo ziliingia, zikatoka, zikaingia tena. Bibi aliinama, akazitazama kwa muda mrefu, akaziba mdomo kwa ncha ya kanga.

Hata hivyo wayo si jina. Angeweza kuwa shume yule yule. Tulihitaji kumwona, na wakati wa kumwona paka mwenye hofu ni usiku wa manane, wakati hapana pikipiki wala redio. Saa nane usiku, kwa baridi kali ya mji ulioinuka yapata meta 1,500 juu ya bahari, tulikwenda watu wawili tu, mimi na bibi, kimya, nami nina tochi. Tochi hiyo haikushikwa kiunoni kama watu wanavyozoea, bali iliwekwa kando ya sikio, usawa wa jicho. Sababu yake ni kwamba nyuma ya jicho la paka kuna tabaka kama kioo linaloirudisha nuru kule kule ilikotoka, hivyo ni yule tu mwenye jicho karibu na tochi anayeuona mng'ao huo kwa ukamilifu. Mbuzi waliolala uani nao waliwaka macho, lakini yao yalikuwa juu, usawa wa goti. Niliyoyatafuta mimi yalipaswa kuwa chini kabisa, kwenye msingi wa ukuta. Nikapitisha mwanga polepole katika ufa baina ya msingi wa pagala na jabali, na ndani kabisa, mkono mmoja na nusu kutoka mdomoni mwa ufa, zikawaka taa mbili za kijani, hazikupepesa, na chini yake kipande cheupe cha kifua. Bibi alimwita jina lake mara moja, kwa sauti ya mtu anayemsemesha mgonjwa. Sikio moja liligeuka. Basi, hakufanya zaidi ya hapo.

Mjukuu angekuwapo angeingiza mkono, na yote yangeharibika, kwa sababu ufa ule ulikuwa na mlango wa pili upande wa kichakani. Tuliondoka. Tuliacha kisahani cha dagaa mbele ya ufa, na juu yake, limeinuliwa na kufungwa imara lisiweze kuanguka, tenga la kuku la kuazima, ili azoee kula chini yake. Kando tukaweka kanga ya bibi isiyofuliwa, na nyingine ikatundikwa dirishani, upepo wa mashariki upate kuipeleka harufu yake pagalani.

Ijumaa asubuhi kisahani kilikuwa kitupu. Mchana kutwa hatukumpa kitu na watoto walizuiwa kucheza upande ule. Usiku tenga liliegemezwa juu ya kijiti cha urefu wa futi moja, kamba ya katani ikafungwa kijitini na kuvutwa hatua ishirini mpaka nyuma ya matofali. Mgongoni mwa tenga tukafunga jiwe, asiweze kulipindua, na kuzunguka ukingo wake tukatandika gunia lililokunjwa, lisije likapiga kishindo likamrudishia hofu ya mashine. Saa kumi alfajiri alitoka. Alinyoosha shingo, akanusa kanga, akarudi nyuma, akatoka tena, akaingia mpaka mkia ukawa ndani; na bibi, ambaye hakukubali mtu mwingine kuishika kamba ile, akavuta. Kabla paka hajazunguka mara ya pili kanga ilikwisha kutupwa juu ya tenga, giza likamtuliza, kipande cha plaiwudi kikasukumwa chini yake polepole, tukanyanyua vyote kwa pamoja kama watu wanaobeba jeneza la mtoto, tukahesabu hatua mpaka nyumbani.

Alikuwa amekonda, na ukucha mmoja umevunjika. Alikunywa maji kwanza, kisha akalala ndani ya tenga lile lile mlango wake ukiwa wazi. Grili ilimaliziwa Jumatatu iliyofuata. Fundi alipewa chai na kuombwa asubiri, mpaka Marjani alipofungiwa chumba cha nyuma, tenga likiwa pembeni na kanga juu yake, na dirisha la chumba hicho likatikiswa mara mbili kwa mkono wa bibi mwenyewe.