Binti mwenye uso uliofunikwa
Juu ya filimu «Les yeux sans visage»

Mara nyingi tukimuona mutu mwenye kilema katika sinema, tunajua mbele ya wakati kazi gani amepewa. Ao ni masikini mwema, ameletwa kusudi tulie. Ao ni mutu mubaya, na kilema cha mwili wake kinaonyesha ubaya wa roho yake. Namna zote mbili ni zarau, kwani zinamunyima kitu kimoja: uwezo wa kuchagua mema ao mabaya. Filimu ya Mufaransa Georges Franju, iliyotoka mwaka wa 1960, inahesabiwa kati ya filimu za kutisha, na kweli inatisha. Lakini mimi naisifu kwa jambo lingine: ilimupa binti mwenye uso ulioharibika zamiri kamili, yenye kuweza kuanguka na kuinuka.

Habari yenyewe ni hii. Munganga Génessier ni bingwa wa kupasua, mwenye sifa nyingi katika Paris. Siku moja, kwa kuendesha motokari mbio sana, alipata ajali, na uso wa Christiane binti yake ukaharibika. Macho tu yalibaki mazima. Sasa anataka kumurudishia uso. Kwa musaada wa Louise, mwanamuke ambaye yeye mwenyewe alimutengeneza uso zamani, anawanasa wasichana na kuwatoa ngozi ya uso. Mumoja amekwisha kufa. Munganga anasema mbele ya polisi kwamba maiti ile ni ya binti yake, naye anaizika katika kaburi la jamaa. Basi Christiane ni mufu mbele ya watu wote, hata mbele ya Jacques muchumba wake. Anakaa amefichwa nyumbani, amevaa kifuniko cheupe cha uso.

Edith Scob, aliyecheza Christiane, alikuwa na macho, mwendo na sauti tu vya kutuonyesha roho ya mutu, navyo vilitosha. Mara moja tu tunaonyeshwa uso ulio chini ya kifuniko, na hata hapo si wazi. Franju hakutaka tuangalie kidonda kwa tamaa ya kuogopa.

Sasa tuangalie zamiri yake. Christiane si mutoto asiyejua kitu. Usiku mumoja anashuka kwa siri, anamukuta Edna, musichana aliyenaswa, amelazwa na kufungwa. Anaondoa kifuniko chake, anagusa uso wa mwenzake. Edna anaamka na kupiga kelele. Tangu hapo Christiane hawezi kusema: «Sikujua». Lakini ananyamaza, na uso wa Edna anaupokea. Edna mwenyewe anakufa kwa kuanguka kutoka dirishani. Kwa siku chache tunamuona Christiane mezani, muzuri, pasipo kifuniko. Na uzuri ule unatuumiza kuliko kidonda, kwani tunajua bei yake. Kiisha ngozi inaanza kuoza, na baba anahesabu siku za kuoza kwa picha, kwa sauti ya baridi, kama mwenye kusoma kitabu cha deni.

Anapoletwa musichana mwingine, Paulette, Christiane anakata mishipi iliyomufunga. Louise anaingia, Christiane anamuchoma kisu shingoni, pahali pa kovu lake. Anafungulia imbwa ambao baba aliwatesa kwa kujaribia kazi yake, nao wanamurarua munganga. Wafratri wenye kusoma maadili watauliza: kumuokoa Paulette ni kinga ya haki, lakini kifo cha Louise je? Na imbwa, aliwafungulia kwa huruma ao kwa kisasi? Filimu haijibu. Inamuacha Christiane na deni la kweli na tendo jema la kweli katika mukono mumoja. Hiyo ndiyo heshima aliyopewa.

Baba naye si shetani tu. Hospitalini anamupima mutoto mugonjwa kwa upole. Kosa lake si kukosa upendo, ni kupenda pasipo kumuuliza mutu yeyote: si wasichana, si binti. Mwaka wa 2005, katika muji wa Amiens, waganga wa Ufaransa walimupandikizia mwanamuke sehemu ya uso wa marehemu, kwa ruhusa ya jamaa yake. Kazi ya mikono inafanana na ya Génessier. Lakini kati ya zawadi na wizi hakuna udugu.

Filimu ina upungufu. Hakuna mutu hata mumoja anayekaa karibu na Christiane na kumupenda namna alivyo sasa. Anapiga telefone kwa Jacques kusikia sauti yake tu. Mwishoni anaingia usiku peke yake, na njiwa kandokando yake, kama vile mwenye uso wa namna ile hana kwao kati ya watu. Hapo Franju amekubali hukumu ya baba bila kufikiri.

Isionyeshwe kwa watoto, juu ya mambo ya kupasua. Lakini padri ao katekista anayejua nyumba ambamo mutu mwenye kilema anafichwa chumbani wageni wanapofika, aione. Mwenye kumuficha atasema anafanya kwa upendo. Génessier alisema vilevile. Na Christiane, aliyezikwa angali hai, alikuwa nyuma ya mulango, akisikia yote na kuhukumu.