Kuitazama Nchi kutoka Angani: Puto la Jules Verne na Safari ya Mwindo

Riwaya ya Jules Verne iitwayo Cinq semaines en ballon, yaani Majuma Matano katika Puto, ilichapishwa mjini Paris mwaka 1863. Ndiyo iliyompatia jina mwandishi huyo Mfaransa, na safari ya puto ndani yake yaanzia Unguja. Kwa kawaida huhesabiwa kuwa riwaya ya safari na sayansi. Makala haya yanakusudia kuichunguza kwa swali jingine: ni nani anayepewa macho ya kuitazama Afrika, na ni nani anayenyimwa ulimi? Ili kulijibu, tutailinganisha na utendi wa Mwindo wa Wanyanga wa Walikale, kwa kuwa shujaa wa utendi huo naye alipandishwa angani.

Dakta Samuel Fergusson, Mwingereza, rafiki yake Dick Kennedy, mwindaji wa Kiskoti, na mtumishi Joe wanaruka kutoka Unguja tarehe 18 Aprili 1862. Wanapita Kazeh, yaani Tabora ya leo, wanalivuka ziwa la Ukerewe, wanauona mto Nili ukitoka humo, kisha wanaelekea magharibi hadi mto Senegal, ambako Wafaransa wanawaokoa. Verne hakuwa amezitembelea nchi hizi. Alitegemea vitabu vya wasafiri, hasa Burton. Hata hivyo ufundi wake haukanushiki. Visa vinafuatana upesi, na hesabu za gesi na za uzito wa mizigo zinamfanya msomaji auamini uongo mkubwa.

Lakini puto lina kazi nyingine katika masimulizi haya. Burton na Speke walipokwenda Ujiji mwaka 1857 na 1858, walihitaji wapagazi, wakalimani na watu kama Sidi Mubarak Bombay. Walitoa hongo kwa watemi, wakangoja, wakauliza njia. Puto linaufuta msafara huo wote, kwa maana arukaye hana haja ya kuuliza. Wenyeji wanabaki kuwa umati upigao kelele chini. Huko Kazeh wanalidhani puto kuwa ni mwezi; Fergusson anaitwa amgange sultani mgonjwa, na mwezi wa kweli uchomozapo, wasafiri wanakimbia. Mji wa biashara uliozoea wageni umegeuzwa kuwa uwanja wa kichekesho.

Baya zaidi ni kisa cha nyani. Kennedy na Joe wanarudi kutoka mawindoni wakidhani kwamba puto limezingirwa na wenyeji, kumbe ni nyani. Kennedy anatania kwamba kwa mbali tofauti si kubwa, na Joe anaongeza kwamba hata kwa karibu. Huenda ikasemwa kuwa hayo ni maneno ya wahusika, si ya mwandishi. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama ingekuwapo sauti nyingine ya kuyapinga. Haimo, wala haingeweza kuwamo, kwa kuwa wote wanaosema wamo ndani ya kikapu kimoja.

Tuugeukie utendi. Msimulizi Candi Rureke aliuimba mwaka 1956, Daniel Biebuyck akaunakili, nao ukachapishwa mwaka 1969 kwa ushirikiano na Kahombo Mateene. Mwindo, mwana wa mtawala wa Tubondo, analiua joka Kirimu lililowameza wawindaji wake. Harufu ya joka hilo inamfikia Nkuba, yaani Radi, aliyekuwa rafiki yake. Nkuba anamchukua Mwindo hadi angani, ambako anakaa mwaka mzima miongoni mwa Mvua, Mwezi, Jua na Nyota, akiadhibiwa. Anarudishwa duniani kwa sharti kwamba asiue wanyama tena, naye anawapa watu wake sheria.

Katika riwaya, nanga ya puto inanasa pembe za tembo. Wasafiri wanamuua na kumla. Tembo huyo hana rafiki wa kumlilia, wala hapana mahakama angani. Katika utendi, msitu una wenyewe. Si kwamba Mwindo ni mpole. Ni mwenye majivuno, na mkono wake ni mwepesi. Tofauti ni kwamba yeye alipanda juu ili ahukumiwe, hali Fergusson alipanda ili ahukumu.

Jambo hili si la darasani tu. Muheto iko Masisi, penye vilima vya malisho, na upande wa magharibi nchi inateremka kuelekea msitu wa Walikale. Puto la Verne halikupita huko, lakini jicho lake lilifika. Tarehe 1 Julai 1885 Dola Huru ya Kongo iliamuru kwamba ardhi isiyo na mtu ni mali ya serikali. Mwaka 1928 ikaundwa Comité National du Kivu, iliyopewa mamlaka juu ya ardhi kubwa ya Kivu. Shamba lililopumzishwa na msitu wa kuwindia, vikitazamwa kwa mbali, huonekana vitupu. Hatusemi kwamba riwaya ilitunga sheria. Tunasema kwamba zote mbili zilimtazama mwenye nchi bila kumwuliza. Swali la nani mwenye ardhi limekuwa sehemu ya vita vya Masisi na Walikale tangu mwaka 1993.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba vitabu hivi viwili visomeshwe pamoja. Na atakayeifasiri riwaya hii kwa Kiswahili asikifute kisa cha nyani kwa kuona haya. Akiache mahali pake, ili wale waliotazamwa kutoka juu wapate kukisoma na kukijibu.