Kitambaa Kilichokamuliwa Angani: Uhakiki wa Somo la Chris Hadfield

Mwaka 2013, mwanaanga wa Kanada, Chris Hadfield, alikamua kitambaa kilicholowa maji ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, akijibu swali la wanafunzi wawili wa sekondari wa Nova Scotia. Maji hayakudondoka, yalikizunguka kitambaa na kuenea mikononi mwake. Ubora wa somo hilo la video umo katika kuanzia kwenye kazi ya nyumbani inayofahamika. Hata hivyo, picha pekee yaweza kumwaminisha mwanafunzi kwamba huko hakuna uvutano, ilhali katika kimo cha kilomita 400 hivi uvutano wa dunia hubaki takribani asilimia 90. Mwanaanga huelea kwa sababu yeye na kituo huanguka pamoja daima wakiizunguka dunia. Mwalimu asipolieleza hilo, mshangao huchukua nafasi ya maarifa.