Namba ya Ubavuni Haijui Umebeba Nini

"Mdogo wangu, mbona unabishana na kiwanda? Si hii hapa imeandikwa?"

Fundi alikuwa ameweka kidole ubavuni mwa tairi, kwenye herufi zilizojaa vumbi: kiwango cha juu, PSI 65. Akashika pampu, akajaza mbele, akajaza nyuma, mpaka geji ikasoma 65 kote kuwili.

Tulikuwa Nyamisati, wilayani Kibiti, karibu na gati la boti za Mafia. Baiskeli ya umeme ni ya binamu yangu, ambaye hununua kamba na kaa kwa wavuvi wa delta ya Rufiji na kuwapeleka Bungu, penye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi. Safari ni kama kilomita 40. Siku hiyo mimi nilimfuata nyuma kwa bodaboda.

Wakati wa kwenda, gurudumu la mbele liliruka kila penye jiwe, na kwenye mchanga likawa linateleza kama limepakwa mafuta. Alianguka mara moja. Hakuumia, ila ndoo moja ya kamba ilimwagika. Bungu kijiweni akapewa ushauri wa pili: "Toa upepo, kaka. Mchangani tairi linatakiwa lilale." Akatoa, tena bila kupima. Akafunga kiroba cha unga na dumu la mafuta kwenye keria, akaanza kurudi. Kabla ya nusu ya njia tyubu ya nyuma ikapasuka matundu mawili yaliyokaa sambamba, na betri ilikuwa imeshuka kuliko siku nyingine zote.

Kwa kawaida ukurasa huu tunahakiki vitabu na video za sayansi. Leo nahakiki hizi kauli mbili, "jaza mpaka namba ya ubavuni" na "toa upepo mchangani", kwa sababu zinasikika kila siku kuliko kitabu chochote, na kwa mtu wa biashara ndogo zinakula hela ya kweli.

Tuanze na namba yenyewe. Ukisoma vizuri, imeandikwa kuwa ni kiwango cha JUU. Ni mpaka ambao mtengenezaji anakuambia usiuvuke. Kuigeuza kuwa ushauri ni sawa na kusoma "mwisho abiria 60" kwenye basi ukadhani gari haliwezi kuondoka likiwa na 40. Kiwanda hakijui kama utapanda peke yako au na kreti la samaki, wala kama unapita lami au mchanga.

Hebu tupige hesabu. Kinachobeba baiskeli ni mgandamizo wa hewa ukizidishwa kwa eneo la tairi linalogusa ardhi. Tuseme baiskeli ina kilo 25, mwendeshaji 65, mzigo 40. Jumla kilo 130. Mzigo ukiwa kwenye keria, na mota ikiwa ndani ya habu ya nyuma, gurudumu la nyuma linaweza kubeba kilo 90 na la mbele 40. Jaza yote mawili PSI 45. La nyuma litagusa ardhi kwa eneo la takribani sentimita za mraba 28, na la mbele 13 tu. Yaani la mbele limekakamaa mno kulinganisha na kazi yake. Kwa PSI 65 hali inakuwa mbaya zaidi. Ndiyo maana binamu alianguka: tairi la mbele halikuwa na nafasi ya kushika mchanga wala ya kumeza kokoto. Kosa la kwanza la fundi, basi, ni ile "sawasawa" ya mbele na nyuma.

Kosa la pili ni jua. Tairi jeusi lililojazwa asubuhi kwenye nyuzijoto 27 likaachwa juani likafika 57 hujiongezea mgandamizo lenyewe. Hewa iliyofungiwa hupanda kwa uwiano wa jotoridi halisi, kutoka kelvini 300 hadi 330, yaani asilimia 10, ukihesabu pamoja na mgandamizo wa angahewa. Kwa hiyo PSI 65 za asubuhi zinakuwa kama 73 mchana. Tairi jipya lina akiba ya usalama. La zamani lenye nyuzi zilizoanza kuonekana halina uhakika huo.

Sasa kauli ya pili, ya kijiweni. Hii ina ukweli zaidi, na nisingependa kuibeza. Mchangani tairi laini hutanuka, uzito hugawanyika, gurudumu halizami sana. Tatizo ni kwamba haisemi "mpaka wapi", wala haisemi "mzigo gani". Ukiwa na kilo 90 nyuma na upepo kidogo, tairi likigonga ukingo wa shimo hubanwa mpaka tyubu inabanana kati ya ardhi na rimu. Kingo mbili za rimu, matundu mawili. Na kwenye baiskeli ya umeme kuna jambo la ziada: mota ya nyuma inasukuma kwa nguvu tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, na tairi lililolegea linaweza kuteleza juu ya rimu, likaivuta tyubu mpaka ikachanika kwenye shina la valvu. Pancha ya namna hiyo hazibiki. Kutoa gurudumu lenye mota nako si mchezo: kuna waya wa kuchomoa na nati kubwa zinazodai spana ambayo watu wengi hawatembei nayo.

Halafu betri. Baiskeli ya kawaida ikiwa na upepo kidogo, miguu inakuambia ndani ya mita mia. Baiskeli ya umeme haikuambii, kwa sababu mota inafidia kimyakimya na wewe unaendelea kusikilizia raha. Gharama unaiona mwisho wa safari. Tuchukue mfano: kilo zile 130, kilomita 40, ukinzani wa kubingirika ukipanda kutoka 0.008 hadi 0.012 ya uzito kwa sababu ya tairi kulegea kwenye barabara ngumu. Nguvu ya ziada ni niutoni 5 hivi. Kwa njia nzima ni takribani wati-saa 57. Betri ya volti 36 na ampea-saa 14 ina kama wati-saa 500, kwa hiyo zaidi ya sehemu moja ya kumi imeishia kwenye kukunjana kwa mpira. Ikiwa baiskeli inakula wati-saa 12 kwa kilomita, hizo ni karibu kilomita 5 za kukokota baiskeli yenye mzigo.

Msomaji atasema: kumbe fundi alikuwa sahihi, kigumu ndiyo bora! Hapana. Imani hiyo ilijengwa sana na vipimo vya maabara, ambako tairi huzungushwa juu ya rola laini ya chuma. Juu ya rola, kweli, upepo mwingi hupunguza ukinzani. Lakini rola haina mashimo, na juu yake hakuna mtu anayetikiswa. Jan Heine na wenzake wa jarida la Bicycle Quarterly huko Marekani walipowapima waendeshaji barabarani, waliona kwamba tairi gumu kupita kiasi hupoteza nishati kwa njia nyingine: mtikisiko unaoishia kwenye misuli na nyama ya mwendeshaji. Sentensi hiyo ukimsomea mtu aliyepita na kreti la kamba kwenye barabara yenye makunyanzi, ataelewa bila grafu.

Mwingine wa huko Marekani, mhandisi Frank Berto, alitoa kipimo ambacho kwangu ndicho bora kati ya vyote nilivyosoma: tairi lishuke kwa asilimia 15 ya urefu wake linapobebeshwa uzito. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba kinaanza na mzigo wa kila gurudumu. Udhaifu wake ni kwamba kilitokana na baiskeli za lami, na mchanga haumo. Kwa hiyo nakichukua kama mahali pa kuanzia, nikijua njia itanilazimisha kurekebisha.

Tulirudi kwa yule fundi kesho yake na rula ya shule. Tukapakia mzigo wa kawaida, binamu akakaa juu akishikilia nguzo ya kibanda. Kwanza tulikuwa tumepima tairi lisilo na uzito, kutoka ukingo wa rimu hadi chini: milimita 48. Kisha tukapima likiwa limebeba, tukawa tunapunguza upepo mpaka likashuka milimita 7. Nyuma geji ilisoma 48, mbele 26. Fundi akaiangalia ile 26, akatikisa kichwa. "Hii ya mbele ni ya mtoto." Tukamwomba aiache hivyo hivyo.

Binamu alifika Bungu na ndoo zote, na hakuanguka. Safari moja si utafiti, na siitoi hapa kama ushahidi. Pia namba zile ni za baiskeli ile, matairi yale na mzigo ule. Ukizinakili utakuwa umerudia kosa la ubavuni kwa njia nyingine. Cha kunakili ni rula. Ukitoka kwenye lami ukaingia mchangani, punguza kidogo, na ukirudi kwenye ngumu jaza tena. Kama huna pampu safarini, usipunguze kabisa. Na usizidi kiwango cha juu hata siku moja, maana hapo ndipo ile namba ina kazi yake halali.

Lawama yangu kubwa siipeleki kwa fundi wala kwa vijana wa kijiweni. Wao walisoma kilichokuwepo. Kijitabu kilichokuja na baiskeli ya binamu kina kurasa za jinsi ya kuwasha taa na kioo cha kuonyesha mwendo, lakini kuhusu upepo kina mstari mmoja tu: "angalia ubavuni mwa tairi." Kingeweza kuweka jedwali dogo la Kiswahili: uzito wa mwendeshaji, uzito wa keria, mbele ngapi, nyuma ngapi, lami au mchanga. Nusu ukurasa ingetosha. Kwa sasa jedwali la aina hiyo limeandikwa kwa chaki kwenye mlango wa kibanda kimoja Nyamisati, na lina mistari miwili tu: peke yako, na ukiwa na kamba.